Gari la dizeli likikaa mwaka mzima

SWALI: Nasafiri mwaka mzima, gari langu la dizeli nalipaki tu, sasa tenki niliache tupu au nijaze?

JIBU: Jaza fulu tenki ndugu yangu, maana likiwa nusu ile hewa ya juu inaleta unyevu, maji yanashuka chini na hapo maji yanapokutana na dizeli ndo vijidudu vinazaliana mpaka unakuta ute mweusi umeziba filta. Kabla ya kujaza tia dawa ya kutunza dizeli na ya kuua vijidudu, fuata kipimo cha kwenye chupa, halafu endesha kama dakika 20 hivi dawa ifike mpaka kwenye pampu na nozeli. Na tafadhali, maji ya kwenye filta yamwage kwanza, wengi wanaliruka hili! Ukirudi weka filta mpya kabla hujawasha.