Jibu: Mashine pepe kwenye Debian, anza na BIOS

Ndugu wa Kondele, umeuliza uanzie wapi kuweka seva ya mashine pepe (kompyuta za kuigwa zinazoendeshwa ndani ya kompyuta moja) kwenye kompyuta ya saiba yenye Debian (aina ya Linux) na RAM ya GB 8. Usikimbilie programu. Kompyuta nyingi za mtumba huja uwezo wa kuendesha mashine pepe ukiwa umezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka): kwa Intel tafuta VT-x, kwa AMD ni SVM, uuwashe. Ukirudi kwenye Linux andika `ls /dev/kvm`. Faili isipokuwepo, simama hapo hapo. Mashine zako zitatambaa kama kobe.

KVM, kiendeshi cha mashine pepe, imo ndani ya kaneli (kiini) ya Linux tangu 2007, kwa hiyo leseni usinunue. Kusakinisha programu za kuunda na kusimamia mashine hizo, andika:

`sudo apt install qemu-system-x86 libvirt-daemon-system virt-manager`

Jiongeze kwenye kikundi cha libvirt (watumiaji wanaoruhusiwa kusimamia mashine pepe), `sudo adduser jinalako libvirt`, kisha utoke na kuingia upya. Wengi hukwama hapa wakidhani usakinishaji umeharibika.

RAM, gawia kila mashine GB 2, mashine mbili zatosha. Na kwa vile stima Kisumu hupotea bila hodi, tafadhali weka UPS (betri ya akiba), halafu `sudo virsh autostart jinalamashine` ili iamke yenyewe kompyuta ikiwaka. Ukikwama, bandika hapa ujumbe wa hitilafu ulivyo.