Siku za hatari, hatari ya nani?

Dada mmoja wa Mbagala kaniuliza: "Natafuta mtoto. Nesi anasema yai 'linapevuka', shosti wangu anasema 'ovulesheni'. Lipi sahihi? Na siku zangu za hatari nitazijuaje?"

La kwanza dogo dada yangu. Kupevuka ni kukomaa, kama embe linavyopevuka juu ya mti, na yai likishapevuka ndo linatoka kwenye ovari, yaani kile kifuko cha mayai. Nesi yuko sawa, na ovulesheni nayo ishazoeleka, siigombi.

Ila hizo siku za hatari zimenichoma, na zinanichoma miaka yote. Neno hatari tumelitoa kwa Waarabu na hapa Dar kila mtoto analijua, liko kwenye transfoma ya mtaani na fuvu la kichwa juu yake, yaani ukigusa unakufa. Sasa mke ana miaka mitatu anatafuta ujauzito, leo ndo siku, anamtumia mumewe meseji, "niko kwenye siku za hatari". Mume yuko kwenye foleni Buguruni. Afanyeje? Kwa maneno yalivyo akae mbali, kama anavyokaa mbali na ile transfoma! Hiyo ni lugha ya anayekwepa mimba, yeye ana siku salama na siku za hatari, ni haki yake. Lakini wewe unayeomba mtoto usiku na mchana, siku yako ya heri kwa nini iitwe hatari, tena na mtu wa kliniki?

Sema siku za kushika mimba. Wengine wanasema siku za rutuba, mie rutuba naiachia shamba, ila afadhali hiyo mara mia.

Kuzijua, hesabu kuanzia siku ya kwanza ya kuona damu, maana wengi wakisikia "katikati ya mwezi" wanakimbilia tarehe 15 ya kalenda, mwezi gani huo! Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mzunguko wa siku 28 ni siku ya 14 hivi, wa siku 32 ni ya 18. Yai haliishi zaidi ya saa 24 ila mbegu za mume zinaweza kukaa mpaka siku 5, kwa hiyo msisubiri siku yenyewe, anzeni mapema. Ute wa ukeni ukivutika kama ule wa yai bichi, siku imekaribia. Mzunguko ukiwa unarukaruka hesabu haitakusaidia, muone daktari.

Na ile meseji iandike hivi: "Wahi kurudi mume wangu, leo ndo penyewe."