Mama bado anamwamini nabii niliyemwacha
Dada wa Kondele, kuvunjwa moyo na nabii uliyemtumikia kunauma, lakini naona kinachokukosesha usingizi zaidi ni mama, ambaye bado anampelekea akiba yake ya chama na sasa ameacha dawa za presha kwa kuwa ametangaziwa amepona. Anza na dawa. Usimtukane nabii mbele yake, maana atamtetea na kukufungia mlango; mwombe tu mwende kliniki akapimwe, kwani kuacha dawa hizo kunaweza kuleta kiharusi, na daktari ndiye afaaye kumweleza. Ya fedha yatasubiri, ila asitie saini hati yoyote ya shamba. Waumini wakiamriwa kufunga bila kikomo, nenda polisi siku hiyohiyo: katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400, mingi ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023.