Wikendi Mtwara: nenda Oktoba, uende na njaa

Marafiki zangu wa Mombasa huniuliza Mtwara kuna nini hata mtu avuke mpaka na kuipita Zanzibar bila kushuka. Mimi nawajibu kwa mwezi: Oktoba. Upepo wa kusi umeshapoa, bahari imetulia, mabibo yameiva na korosho zinaokotwa. Nyangumi wenye nundu nao, ambao hupita pwani hii kati ya Julai na Novemba wakija kuzalia kwenye maji ya joto, bado wapo. Ukienda Aprili utapokewa na masika, na mikorosho haina kitu.

Usianzie hotelini. Jumamosi asubuhi nenda soko la samaki la Feri, kisha tafuta akina mama wanaouza ming'oko. Ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, huchemshwa na ganda lake. Mama niliyenunua kwake alinitazama navyohangaika na kisu, akaniambia, "Mwanangu, weka kisu. Bana kwa meno, uvute." Ganda likabaki mkononi, na utamu wa ming'oko pamoja na chumvi, pilipili na ndimu ukabaki mdomoni. Nilipouliza nimwongeze ngapi kwa fungu la pili, akanipa la nyongeza bure. Msalimie mtu shikamoo kabla ya kuuliza bei. Kwa Wamakonde na Wamwera hilo halina mjadala, na mimi naona ndivyo inavyotakiwa.

Bibo ulile umesimama, umeinama mbele, maana maji yake yakigusa shati doa halitoki. Chagua laini lililoanguka siku hiyo hiyo. Lina ukakasi unaokaba koo, lakini ukizoea huachi. Korosho mbichi yenye ganda usiing'ate hata kwa utani: mafuta ya lile ganda huunguza midomo na ngozi. Omba uonyeshwe zinavyochomwa nje, kwenye bati. Mafuta yanashika moto, moshi mweusi unapanda, kila mtu anahamia upande unakotoka upepo. Zikishazimwa kwa mchanga zinabanguliwa moja moja. Korosho ya moto namna ile, kwangu mimi, ya pakiti haiifikii.

Ukikaribishwa samaki nchanga, yaani panya wa shambani, na huwezi kumla, sema tu, "Ahsante mama, nimeshiba." Usikunje uso, na usitoe simu kupiga picha chakula cha watu.

Jumapili ni ya Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Lipa kiingilio, tunza risiti. Barabara ya mwisho ni mchanga mtupu, kwa hiyo gari dogo liache mjini. Ukitaka kutazama nyangumi, patana na nahodha mapema, na mkubaliane kabisa kwamba mkimwona nyangumi na ndama wake mashine itapunguzwa na chombo kitakaa mbali. Mama akihisi anafukuzwa huondoka na mtoto asiyeweza kuogelea kwa kasi yake. Huko mtoni usioge: kuna viboko na mamba.

Kasa wapo pia, wa kijani na ng'amba, na hapa nasema kwa uzito. Ukiwa Mtwara kula kila kitu, ila nyama ya kasa na mayai yake usiguse, hata mwenyeji akikuhakikishia. Ni wanyama wanaolindwa na sheria, na nyama yao mara nyingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Kwa macho hutajua ipi ina sumu. Agiza pweza.