Jibu: Kwa nini miaka ya Robert Smalls bungeni inakatika-katika

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, orodha yako inasema Robert Smalls, mwanasiasa mweusi wa jimbo la South Carolina, alikuwa kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani 1875–1879, tena 1882–1883, tena 1884–1887, na mwaka 1882 kiti hichohicho kina jina la George Tillman. Orodha iko sawa.

Kwanza angalia namba ya Bunge (kila muhula wa miaka miwili una namba yake), mwaka wa uchaguzi uweke pembeni. Enzi hizo muhula ulianza tarehe 4 Machi baada ya uchaguzi, kwa hiyo waliochaguliwa Novemba 1880 wamo kwenye Bunge la 47, kuanzia 1881. Mimi majedwali ya wabunge hawa nayapanga hivyo tu, vinginevyo ni vurugu.

Halafu tazama kama matokeo yalipingwa, na hapa ndipo penye utamu. Tillman alitangazwa mshindi wa 1880 akakaa kitini. Smalls akapeleka pingamizi kwa Baraza lenyewe, maana ndilo lililokuwa na kauli ya mwisho, si mahakama. Likampa kiti Julai 1882, muhula ukiwa ukingoni! Kesi kama hizi zilijaa majimbo ya Kusini mwa Marekani, ambako wapiga kura weusi walitishwa kwa bunduki.

Pengo la mwisho ni jepesi: Edmund Mackey, mbunge mwingine wa South Carolina, alifariki Januari 1884, Smalls akachaguliwa kumalizia muhula wake. Ila hapo wilaya ya uchaguzi si ya 5 tena, ni ya 7. Mwandikie mstari mpya kwenye jedwali.