Maswali ya kufikiri kwenye mtihani wa polisi New York: nilivyotoka 71 hadi 94

Mdogo wangu wa Bronx, umesema kwenye mazoezi ya mtihani wa NYPD sehemu ya kukumbuka picha unaimaliza bila taabu, Kiingereza hakikusumbui, ila maswali ya kufikiri unakosa nusu na hujui kwa nini. Mtihani huo nimeufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata 71. Alama ya kufaulu ni 70, basi nikachinja kuku. Kuku yule alikufa bure: watu huitwa kwa mpangilio wa alama, na hata uongezewe zile pointi 5 za mkazi wa jiji, mwenye 71 yuko mkiani.

Akili ninazo. Shida yangu ilikuwa kujua mambo mengi mno. Tazama swali hili, nimelitunga mwenyewe kwa kufuata sheria ya New York. Wizi ni mkubwa iwapo mali inazidi dola 1,000, au iwapo imechukuliwa mwilini mwa mtu, iwe na thamani yoyote. Juma kaiba baiskeli ya dola 1,000 iliyofungwa kwenye nguzo. Peter kachomoa simu kuukuu ya dola 40 mfukoni mwa abiria aliyesinzia kwenye treni. Nani kafanya wizi mkubwa? Moyo unasema Juma. Simu ya dola 40 nayo ni kitu? Jibu ni Peter peke yake. Simu imetoka mwilini, na dola 1,000 kamili haijazidi 1,000. Ukileta busara za kijiweni hapo, umekwisha. Hata kama unaona kanuni waliyokupa ni ya ajabu, jibu kwa kanuni hiyo hiyo.

Kilichoniokoa mara ya pili ni Kiswahili, na ucheke ukitaka. Nilikuwa najikwaa kwenye "unless" (isipokuwa) na "only if" (ikiwa tu), nazisoma mbio kana kwamba zote ni "kama" tu. Nikaanza kuzigeuza kichwani kuwa "mpaka". Huingii msikitini mpaka uvue viatu. Je, aliyeingia kavua? Ndiyo. Je, kila aliyevua kaingia? Hapana, wengine wamevua wakabaki barazani wanapiga soga. Ukilishika hilo, maswali mengi ya kanuni yanalainika. Kisha chunga "na" na "au": kwenye "na" masharti yote yatimie, kwenye "au" moja linatosha.

Maswali ya kupanga hatua, usipange sentensi zote. Tafuta sentensi mbili ambazo lazima moja itangulie nyingine (huwezi kuandika maelezo ya shahidi kabla hujamhoji), futa majibu yanayozigeuza, mara nyingi linabaki moja au mawili. Yale ya kuangalia matukio kadhaa na kusema doria iwekwe lini, chora kijedwali: siku, saa, mahali, aina ya kosa. Aina ya kosa ndiyo wanayokutegea. Usipochunga, unahesabu wizi wa magari ukijumlisha na ugomvi wa baa.

Maswali ya ramani, ya kufuata njia ya gari, ndiyo yaliyonitesa kuliko yote. Mimi wa Mombasa, na kwetu kibla kiko kaskazini. Tangu utoto mwelekeo wangu wote umejengwa juu ya hapo. Hapa New York kibla ni kaskazini-mashariki, basi kila nikifikiria kaskazini mwili ulikuwa unajipinda wenyewe. Dawa: weka kidole mahali gari lilipo, jifanye dereva, na kwa kila kona sema kimoyomoyo, "naelekea kusini, kulia kwangu magharibi." Usikate kona kwa macho tu. Na mishale ya njia moja itazame kabla hujaangalia majibu.

Kabla hujanunua kitabu chochote, soma tangazo la mtihani la DCAS, idara ya jiji inayosimamia mitihani ya kazi, limeorodhesha uwezo unaopimwa. Mimi nilipoteza mwezi mzima kwenye mafumbo ambayo hayamo. Baada ya hapo nilifanya maswali 15 kila usiku nikitoka kazini, siyo 100 Jumapili.

Weka hapa maswali matatu uliyokosa wiki hii, na chini ya kila moja uandike kwa nini lile jibu baya lilikuvutia. Hiyo sababu ndiyo ninayoitaka, jibu sahihi utaliona mwenyewe.