Ukija Dodoma usiishie mjini tu, panda Lion Rock mapema asubuhi

Kila nikisikia mtu anasema Dodoma hakuna pa kutembelea huwa naumia kwakweli. Wengi wanakuja kwa vikao, na toka treni ya SGR ianze 2024 ndo kabisa, mtu anashuka asubuhi jioni kesharudi Dar, kaona Bunge na vumbi basi. Wakati mji wenyewe umezungukwa na vilima vya mawe, na kimoja kiko hapahapa kaskazini mashariki ya mjini, Lion Rock, wengine wanauita Mlima Simba. Hata wenyeji kibao wanauona kila siku na hawajawahi kukanyaga juu.

Ushauri wangu mkubwa ni muda. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kwahiyo asubuhi kuna kabaridi kazuri, hasa Juni na Julai, ila jua likishapanda halina huruma na ule mwamba unashika joto vibaya, unaungua juu na chini. Mi naanza kukishapambazuka tu, saa kumi na mbili na nusu hivi, saa tatu nshashuka nakunywa chai. Na ukiwahi ndo utawaona pimbi, wale wanyama wadogo kama sungura asiye na masikio marefu, ambao kwa ukoo ni ndugu wa tembo amini usiamini. Miili yao haitunzi joto vizuri kwahiyo asubuhi wanatoka kwenye nyufa za mawe wanakaa kuota jua, ukitulia kimya bila kupiga kelele za kuitana wanakuacha uwaangalie mpaka uchoke wewe. Ukifika saa tano wengi wamesharudi kivulini.

Jioni nayo inapendeza kwa picha, sibishi, lakini huku kwetu jua likizama giza linaingia chapchap na njia ni za miguu tu, usitegemee kibao wala taa, kwahiyo anza kushuka jua likiwa bado lipo.

Kuhusu msimu, mvua zetu ni za mara moja kwa mwaka, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Januari na Februari vichaka vinakuwa kijani mpaka unashangaa kama ni Dodoma ileile, mibuyu imejaa majani, chini huko mashamba ya mtama na uwele yamesimama. Tatizo jiwe likilowa linateleza sana, na ukisikia radi shuka, usisubiri kumalizia kileleni. Kiangazi mibuyu inapukutisha majani yote inabaki matawi matupu, wengine wanaona ukame mi naona ndo wakati mzuri wa kuliona umbo la mti wenyewe.

Vaa raba yenye soli inayoshika, sio ndala, na suruali ndefu maana miiba ya migunga haichagui mtu. Maji lita moja na nusu kila mtu, kofia. Usiende peke yako, nendeni watatu wanne, na kama hamjui njia mtafuteni kijana wa mtaani pale chini awapeleke, mpatane bei kabla. Simu na hela zisining'inie nje. Chupa zenu mshuke nazo, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka Juni 2019 lakini chupa bado tunazitupa ovyo na inaniuma sana.

Afu msifukuzane kwenda juu. Yale mawe makubwa ya katikati yana kivuli na mji wote unauona, na kama mko na watoto au mtu mwenye magoti mabovu ishieni hapo kwa raha zenu. Kushuka ndo kunaumiza magoti kuliko kupanda, shukeni upandeupande polepole.

Wazazi wetu ambao mlima hawauwezi mi nawaacha Nyerere Square pale katikati ya mji, kuna miti na pa kukaa, wanapiga stori mpaka tunarudi. Msimu wa zabibu ukiwakuta, mwanzo mwanzo wa mwaka au kuanzia Agosti hivi, nunueni mkiwa mmeshashuka sio kabla, zikibebwa mgongoni kwenye lile jua zinapondeka zote, na zioshwe vizuri kabla hazijaliwa.